ALT 88 ukiwa kwenye dawa za TB

Dada, umeuliza kama ini "limeoza" kwa sababu vipimo vya damu, ukiwa kwenye dawa za TB, vimeonyesha ALT 88 na AST 64 (vimeng'enya vya ini). Kwa maabara yenye kikomo cha juu cha kawaida cha 40, si kusema limeoza. Vimeng'enya hivi hukaa ndani ya seli; seli zikiumia, vinavuja kwenye damu. Uwezo wa ini kufanya kazi unausoma kwenye bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa), albumini (protini inayotengenezwa na ini) na INR, yaani kasi ya damu kuganda. Kagua karatasi yako, huenda vimo. Watu hukimbilia tu namba zenye nyota, yaani zilizo nje ya kikomo.

AST imo pia kwenye misuli, kwa hiyo kubeba mizigo mizito jana yake huipandisha. ALT ndiyo ya ini zaidi.

Kwako mtuhumiwa wa kwanza ni dawa za TB: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote hugusa ini. Kwa kawaida daktari huzisimamisha ALT ikizidi mara 3 ya kikomo (hapo ni 120) pamoja na dalili kama kichefuchefu, kutapika au maumivu chini ya mbavu za kulia; au mara 5 (200) hata bila dalili. Hujafika huko, basi usijiachishe dozi. Rudi kliniki wiki hii, omba kipimo cha homa ya ini B na C, urudie ALT baada ya wiki moja au mbili. Pombe na mitishamba, hata ile ya "kusafisha ini", weka kando.

Mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini tu. Macho yakiwa ya njano, usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali siku hiyo hiyo.