Fundi anasema ataniwekea Android 16 kwa elfu 35. Nimpe simu?

SWALI: Shikamoo fundi. Nauza vitenge Tandika na wateja wangu wote wako WhatsApp. Simu yangu ni Samsung Galaxy A12 niliyonunua 2021, imegota Android 12. Kila nikitafuta sasisho inaniambia programu iko sawa. Mdogo wangu ananiambia Android za sasa zinajifunga zenyewe mwizi akikupora, na mwezi uliopita niliponea chupuchupu kwa vijana wa pikipiki pale kituoni. Kuna fundi Kariakoo anasema ataniwekea Android 16 kwa elfu 35, niiache nije kuichukua kesho yake. Tena nasikia WhatsApp inaziacha simu za zamani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada. Usiipeleke.

Nina miaka mingi kwenye meza ya ufundi hapa mtaa wa Aggrey, na wiki haipiti bila mtu kunisogezea simu akisema "nipandishie Android". Hilo ombi halinichoshi. Linalonichosha ni wazo lililojificha chini yake: kwamba kila kizuri cha simu kimefungiwa ndani ya namba, 16 inayo na 12 haina, basi fundi anaimimina tu hiyo namba kama mafuta kwenye pikipiki. Kuna watu wanakula kwa wazo hilo.

Tuanze na wakwapuzi, maana hilo ndilo lililokusukuma. Ulinzi aliokuambia mdogo wako hausubiri Android 16. Google ilianza kuutoa 2024, na unafanya kazi kwenye Android 10 kwenda juu kwa sababu haukuja ndani ya toleo. Umeletwa na huduma za Google Play, ile programu inayojisasisha kimyakimya nyuma ya pazia kila ukiwa na bando. Fungua mipangilio, ingia Google, kisha huduma zote, utafute ulinzi dhidi ya wizi. Mle kuna kufuli la kugundua uporaji: simu ikiwa wazi mkononi mwako, ikasikia mtikisiko wa ghafla na mtu anatimka nayo, kwa miguu au kwa pikipiki, inafunga kioo. Kuna la pili linalofunga mwizi akikata intaneti, na la tatu unaloliamuru mwenyewe ukiwa mbali, kwa kuandika namba yako ya simu kwenye ukurasa wa Google ukitumia simu ya jirani. Hilo la tatu linataka namba yako iwe imethibitishwa mapema. Usipoyawasha hayakusaidii kitu, na hapo ndipo watu wengi walipo: kufuli wanalo, wameliacha wazi, wanatafuta elfu 35 wakanunue lingine.

Simu zetu hazijengwi tena kipande kimoja. Mwaka 2017, Android 8 ilipotoka, Google iliutenga mfumo wenyewe na ile sehemu ya chini inayozungumza na chipu, kamera na antena. Mwaka 2019, kwenye Android 10, baadhi ya viungo vya mfumo vilianza kusasishwa kupitia Play bila kumsubiri mtengenezaji wa simu. Ndiyo maana kwenye sehemu ya usalama utakuta tarehe mbili, sasisho la usalama la Android na sasisho la mfumo wa Google Play. Ile ya pili inaweza kusogea mbele hata baada ya mtengenezaji kukuacha.

Sasa huyo wa elfu 35. Mtu wa namna yake ana njia mbili, na zote nimezikuta kwenye simu za wateja.

Ya kwanza ni uongo mtupu. Anakwenda kwenye faili moja ambamo namba ya toleo imeandikwa, anafuta 12 anaandika 15 au 16, basi. Mwaka jana alikuja kijana na simu aliyosema imepandishwa hadi 15, analalamika inakula chaji. Kwenye mipangilio kweli iliandika 15. Nikaigonga ile namba harakaharaka mara kadhaa kwa kidole. Waundaji wa Android huficha mchoro wa mzaha chini yake, na kila toleo lina wake. Kwenye 15 lenyewe ungetoka mchezo wa chombo cha angani. Kwake ikatoka saa ya mishale. Nikamwambia azungushe mshale mpaka saa sita kamili juu kabisa. Akazungusha, kioo kikajaa viduara vya rangi na katikati namba kubwa: 12. Alikaa kimya kama dakika nzima. Jaribu hilo kwenye simu yoyote unayouziwa mtaani kwa sifa ya toleo, maana zipo hata mpya za boksi zinazokuja na namba ya uongo.

Njia ya pili ni ya kweli nusu. Kwa sababu ya utengano ule wa 2017, upo mfumo wa jumla, usioshonwa kwa simu yoyote, unaoweza kuwaka juu ya simu nyingi. Fundi anafungua butiloda, yaani kufuli linalozuia mfumo usio rasmi kuwaka kwenye simu, na hapo kila kilichomo kinafutika, picha na mazungumzo yote, kisha anauflashi, yaani anauandika juu ya ule wa zamani. Simu inawaka na Android mpya, anakupigia picha ya kioo, unalipa. Ile sehemu ya chini lakini ni ileile ya zamani, na matundu yake ya usalama ni yaleyale. Kamera mara nyingi inabaki na lenzi moja inayofanya kazi, kupiga simu kupitia 4G kunakataa unarudishwa 2G au 3G, na programu za benki zinaikagua simu, zinakuta butiloda imefunguliwa, zinakufungia mlango. Kwenye Samsung kuna zaidi: ndani ya chipu mna kitu kama fyuzi cha Knox, ulinzi wa Samsung wenyewe. Ukiweka mfumo usio rasmi kinakatika, na hakuna kifaa wala fundi wa kukiunga tena.

Kwa nini basi Samsung wenyewe hawakupandishi? Geuza simu au angalia kwenye mipangilio uone herufi za modeli. A12 ziko mbili. Yenye SM-A125F ina chipu ya MediaTek, ilitoka kiwandani na Android 10, safari yake ikaishia 12, na bila shaka ndiyo yako. SM-A127F ilifuata baadaye na chipu ya Exynos, ikaanza na 11 ikafika 13. Jina moja na sura moja, ndani ni simu mbili. Kupandisha toleo kunataka mtengeneza chipu atoe vipande vyake, Samsung waviunganishe na kuvipima, kisha waugonge mfumo muhuri wao wa siri ambao simu inaukagua kila ikiwaka. Muhuri huo hauko Kariakoo. Fundi anayekuambia anao file rasmi la Android 16 la A12, mwombe akuonyeshe kwanza kwenye A12 yake.

WhatsApp isikunyime usingizi. Januari 2025 iliziacha simu za Android 4.4, toleo la 2013. Wewe uko 12.

Linalostahili kukuhangaisha ni tarehe ya sasisho la usalama. Kwa A12 imesimama na haitasogea, kwa hiyo siku ukibadilisha simu usiulize "ni Android ngapi", uliza itasasishwa mpaka mwaka gani. Galaxy A16 iliyotoka mwishoni mwa 2024 imeahidiwa miaka sita, Pixel 8 ya Google miaka saba, na zipo simu mpya madukani hapa zenye namba kubwa ya toleo na ahadi ya mwaka mmoja au hakuna kabisa. Namba yenyewe ni jina tu. Apple Septemba 2025 waliruka kutoka iOS 18, mfumo wa iPhone, mpaka iOS 26, wakaanza kufuata mwaka, na nina mteja aliyekuja kuniuliza kama amepitwa na matoleo saba.

Nikiwa hapohapo, niwaseme na wale wanaosambaza mafaili ya programu kwenye makundi ya WhatsApp: "weka hii simu iwe nyepesi", "hii inaleta Android mpya bila fundi", WhatsApp zenye rangi rangi, apu za mikopo zisizo Play Store. Dada, hakuna faili la kubonyeza linaloleta toleo jipya la Android. Ukiona lipo, limekuja kusoma meseji zako, na meseji zako ndimo zinamopita namba za siri za benki. Benki Kuu Novemba 2024 ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na kwenye meza yangu nimefuta za namna hiyo kutoka simu za watu wenye akili zao timamu. Google nao Agosti 2025 walitangaza kwamba mtengeneza programu atalazimika kujitambulisha kwao ili programu yake ikubali kuingia kwenye simu zenye kibali cha Google, hata isipopitia Play Store. Inaanza Septemba 2026 katika nchi nne, Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, halafu kwingine kuanzia 2027. Mpaka ifike kwetu, mlinzi ni wewe. Na simu iliyoflashiwa mfumo wa mtaani inaukosa hata huo mlango.

Kwa ambaye ameshampa fundi simu na imerudi na namba mpya: usifungue programu ya benki humo, toa akaunti yako ya Google, na usiingize neno la siri lolote. Peleka kwa mtu atakayerudisha mfumo rasmi wa modeli yako hasa, herufi kwa herufi, na akufungie butiloda mbele yako. Kisha bonyeza *#06#, uangalie kama namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yako, bado ni ileile iliyo kwenye boksi, na uitume kwa meseji kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu. Majibu yakija na jina la simu isiyo yako, mrudie yule fundi siku hiyohiyo, maana kubadilisha IMEI ni kosa la jinai na simu iko mkononi mwako, si mwake.