Kutembelea mji mdogo wa Iowa

SWALI: Mwanangu anasoma Grinnell, katika jimbo la Iowa, Marekani, naye amenialika. Je, mji mdogo kama huo una huduma za kumtosha mgeni?
Mama wa Nachingwea, Lindi

JIBU: Zinatosha, mama, ila hutaona daladala wala bodaboda, kwa hiyo mwanao apange gari la kukupokea Des Moines, mji mkuu wa jimbo hilo, mwendo wa karibu saa moja. Hoteli, maktaba na maduka vipo. Nakusihi usimame mbele ya benki ya zamani iliyojengwa mwaka 1914 kwa ramani ya msanifu majengo Mmarekani Louis Sullivan, jengo dogo la matofali ambalo juu ya mlango wake pana dirisha la duara lililozungukwa na nakshi zilizosongamana, zitakazokukumbusha milango ya Kilwa Kivinje. Ukienda Januari, tangulia kununua koti zito.