Kikundi cha amani kuingia kwenye mazingira: mnaanzia wapi

Ndugu, nimekuelewa: kikundi chenu kinapatanisha wakulima na wafugaji hapo Kilosa, na wenzako wanaona mambo ya mazingira yatawatoa kwenye lengo. Kwangu ndilo lengo lenyewe. Kiangazi lambo likikauka, ng'ombe hukatiza mashambani kwenda mtoni. Asubuhi mtu anakuta mahindi yamelala, kwato kila mahali, anashika panga. Semina haizuii hilo.

Sisi tulianza kwa kutembea. Wazee wa pande zote mbili walionyeshana mapito ya zamani ya mifugo, tukayawekea mawe. (Miche tuliyoanza nayo ililiwa na mbuzi wiki ileile.) Nanyi mkishaweka mawe, yapelekeni mapito hayo serikali ya kijiji yaingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi; yasipopita mkutano mkuu wa kijiji, hayo ni mawe tu.

Anayebisha kwamba mazingira si amani mkumbushe Wangari Maathai, yule mama wa Kenya aliyehimiza upandaji miti: Nobeli ya Amani 2004, kwa kazi iliyoanza na miche mwaka 1977.

Ila msipime mipaka wenyewe, mwiteni afisa ardhi wa wilaya. Na mkisikia watu wanakusanya silaha, pigeni simu polisi, msiende kusuluhisha.