Mbeya mpaka Tokyo na kikundi, siku yenyewe ilivyo

Mkuu umeuliza mko watu 12 mnatoka Mbeya kwenda Japani, wazee wawili wamo, siku ya safari inakuwaje na mjipangeje. Mimi nilienda na wakulima wenzangu wa kahawa wa Mbozi, tulikuwa 11, nakupa nilichokiona.

Kwanza hiyo siku sio moja. Tulitoka Vwawa saa kumi na moja alfajiri na baridi ile ya mwezi wa sita, ndege ya Songwe mpaka Dar, tukashinda uwanjani, jioni ndo tukaruka kwenda Doha kule Qatar kama masaa sita, saa nane usiku tukaunganisha, na hapo mpaka Narita, uwanja wa ndege wa Tokyo, ni karibu masaa kumi mengine. Tunashuka kwao saa kumi na mbili jioni, saa yangu ya mkononi inasoma saa sita mchana maana wametutangulia masaa sita. Hotelini saa nne usiku. Toka nilivyofunga mlango kwangu ni masaa 35.

Ndani ya ndege waombeeni wazee viti vya kwenye njia. Mzee wetu wa miaka 71 alikaa dirishani, akaona aibu kumwamsha jirani, tunashuka miguu imevimba viatu haviingii.

Ila kazi yenyewe ni kufika. Uhamiaji wanachukua alama za vidole na picha, hapo foleni tu. Tatizo letu lilikuwa kwenye mizigo. Mama mmoja alikuwa ameviringisha nyama kavu kwenye kitenge katikati ya begi, hajamwambia mtu. Akapita mbwa mdogo na afisa wake, ananusa begi moja moja, alipofika la mama akakaa chini. Hakubweka, alikaa tu kimya. Karibu saa nzima tumesimama, wakaichukua nyama na kumwandikisha karatasi kwa adabu kabisa lakini mama wa watu alikuwa anatetemeka. Nyama haiingii kule bila cheti cha serikali ya ilikotoka, soseji hivyo hivyo, na sheria yao ina faini mpaka jela. Matunda nayo acheni, hata lile parachichi la Rungwe. Kagueni mabegi nyumbani wenyewe kwa wenyewe, msioneane aibu.

Halafu treni. Narita mpaka katikati ya Tokyo ni kama kilomita 60, na milango ya treni haisubiri mtu. Tumeingia tisa, wawili wamebaki nje na mabegi, namwona mwenzangu kupitia kioo kanyoosha mkono na treni inaondoka, laini zetu hazishiki. Kilichotuokoa tulishakubaliana tangu Dar kwamba aliyebaki habanduki alipo, waliotangulia wanashuka kituo kinachofuata na mmoja anarudi kuwafuata. Tukawa wote tena. Na kila mtu awe na karatasi mfukoni yenye jina na anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kijapani, sio haya yetu, ili akipotea amwonyeshe mtu yeyote.

Sasa kilichoniuma mpaka leo. Aliyetupangia safari alituwekea kesho yake saa moja asubuhi basi la kwenda kuona mlima Fuji. Saa moja yao ni saa saba usiku ya Mbozi! Watu wamechangishana miaka miwili, mlima wa mita 3,776 uko dirishani, nusu ya kikundi wamelala hawajitambui, na mzee yuko peku kwenye kiti. Mkuu siku ya kwanza kataeni ratiba ya asubuhi, hata wakiwaambia mnapoteza hela, laleni, mchana mtembee karibu karibu na hoteli.

Sisi tulifanya hivyo siku ya tatu. Tukaingia kiduka cha jirani, mwenyeji wetu akatoa pakiti ya kahawa kwenye shelfu akatusomea: Kilimanjaro. Kule arabika ya Tanzania inauzwa kwa jina hilo hata ikitoka huku kwetu kusini. Mzee aliishika ile pakiti kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa pale kwenye kitundu cha juu, akauliza bei kwa hela ya kwetu ni ngapi. Tukampigia hesabu. Akaomba tusubiri kidogo, akavuta kiti akakaa nayo mapajani. Tulikaa kwenye kile kiduka muda mrefu kuliko tuliokaa Fuji.