Ukipata Datsun 240Z, pesa ya kwanza iende chini ya gari

Kila mtu akiona Datsun 240Z yangu, lile gari la michezo la Nissan la mwanzo wa miaka ya 70, swali la kwanza ni "hii inakimbia ngapi?" na la pili ni "mbona usiweke injini ya Toyota Supra?" na mimi hucheka tu, maana sijawahi kupata mtu wa kuniuliza chini ikoje. Na chini ndio kila kitu jamani. Hili gari lina jina kubwa hapa kwetu, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally ya 1971, Shekhar Mehta akamaliza wa pili na 240Z nyingine, halafu 1973 Mehta mwenyewe akashinda na Lofty Drews, kwa hiyo watu wanadhani ni chuma cha kufa nacho. Injini ni kweli, ile silinda sita ya L24 ni ngumu balaa. Bodi nayo ni hadithi ingine kabisa.

240Z haina chesisi ya peke yake kama pikapu, bodi yenyewe ndiyo inabeba gari lote, na mabati yake ni membamba. Kwa hiyo kutu ikiingia kwenye zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu, hilo si suala la urembo, ni gari kupoteza nguvu ya kusimama. Mimi kabla sijatoa hata shilingi ya kununua hili la kwangu nililala chini na tochi, bisibisi na sumaku, na muuzaji alinuna sana lakini pole yake. Sumaku unapitisha kwenye upande wa chini wa milango, nyuma ya tairi za mbele, na kile kipande kifupi kati ya mlango na tairi ya nyuma. Ikikataa kushika ujue hapo hakuna bati, ni fila tupu, ile pasta ya kuzibia bodi, imepakwa rangi. Bisibisi unagonga nayo polepole kwenye reli na sakafu, sauti ikiwa ya kavu uko sawa, ikizama kama biskuti kwa chai, punguza bei au ondoka.

Kuna sehemu mbili ambazo mafundi wengi hawaziangalii. Ya kwanza ni chini ya betri, asidi ikimwagika miaka na miaka inakula kile kibati inapokalia halafu inashuka mpaka kwenye reli. Ya pili ni ile nafasi ya hewa chini ya kioo cha mbele, majani yanaingia mle yanaziba njia za kutolea maji, mvua ikinyesha maji yanakaa tu humo ndani yanakula bati kutoka upande usiouona. Mimi hufungua na kusafisha kila kabla ya mvua za Aprili, napitisha maji na chupa naangalia kama yanatokea chini. Kazi ya dakika chache, haina gharama, na imeokoa pesa nyingi kuliko chochote nilichowahi kufungia hili gari.

Na tafadhali mwambie fundi asiweke jeki kwenye sakafu wala kwenye zile reli, zinabonyea halafu maji yanakaa kwenye ule mbonyeo. Mbele inuliwe kwenye chuma cha kukatiza kilichobeba injini, nyuma kwenye difu. Ukipeleka gari kwa gereji ya watu wengi wenye haraka, simama hapo mpaka ishuke, usione haya.

Kuchomelea, tafuta fundi bodi anayekata bati bovu lote mpaka afike kwenye zima, halafu anaweka bati jipya la unene uleule na kuchomelea kwa mashine ya mig, ile ya umeme inayolisha waya, kidogokidogo ili lisipinde. Wapo wa kufunika tu, wanabandika bati juu ya kutu, wanapaka lami, gari linang'aa, mwaka kesho unarudi pale pale na kutu imezaa. Bei yao ni nzuri, hiyo sikatai. Na nyinyi wa Mombasa, Malindi, Lamu huko na ile hewa ya chumvi, mkimaliza kuchomelea pulizieni nta ndani ya zile reli na ndani ya milango, rangi ya nje peke yake haifiki huko.

Bodi ikikaa sawa, nenda breki, mipira na nyaya. Bado si injini, vumilia.

Breki za mbele ni diski, za nyuma ni ngoma, na kwa gari la 1972 zilikuwa poa lakini kwa barabara ya sasa, na matatu inayokata mbele yako bila indiketa, unataka zaidi. Na hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati kwa sababu moja ya apgredi maarufu zaidi duniani kwa hili gari ni kalipa, vile vibano vya diski ya breki, za pistoni nne za Toyota Hilux zile za 4x4 za mwanzo wa miaka ya 80, na Hilux si ndizo zimejaa kwetu! Zile zinazofaa kwa diski ya kawaida isiyo na matundu ya hewa katikati zina alama ya S12+8 imechorwa kwenye mwili wa kalipa, angalia hiyo alama na usimsikilize mtu anayekwambia "zote ni sawa tu". Diski yako inabaki ileile, kile kibati cha kuzuia vumbi nyuma ya diski utakikata au kukitoa, na bomba la breki linahitaji kuchezewa kidogo. Hizo za zamani ziweke kwa boksi. Na fluidi ya breki ibadilishe mara kwa mara hata kama gari halitembei, maana inanyonya maji hewani na maji yanakula silinda za breki za nyuma kutoka ndani.

Suspensheni nayo ina shetani wake mmoja. Nyuma kuna pini ndefu, moja kila upande, inayoshika mkono wa chini na gurudumu, na baada ya miaka hamsini inakuwa imeshikana na kutu mpaka imekuwa kitu kimoja na chuma. Fundi akiiona anachukua nyundo anagonga kwenye uzi, uzi unalala, basi umeumia, na hiyo pini huipati Kirinyaga Road, ile barabara ya maduka ya spea Nairobi, hata ukeshe. Dawa ni kupaka oili ya kupenya siku kadhaa kabla, kuacha nati kwenye uzi ili usiharibike, halafu kuivuta au kuisukuma kwa presi yenye nguvu. Ikikataa kabisa inakatwa na unaagiza nyingine. Kama bushi zako za nyuma bado ni nzima usiiguse, ushauri wangu wa dhati.

Bushi zenyewe watu wanapenda zile ngumu za plastiki, polyurethane, kila mahali. Mimi sipendi. Kwenye reki ya usukani ni sawa kabisa, usukani unakuwa mkali na gari linakusikia. Lakini kwenye ile fimbo ya mbele inayovuta mkono wa chini usiweke ngumu pande zote mbili, fimbo inahitaji kucheza kidogo, ukiibana na kila shimo la barabara zetu inapindwa pale pale kwenye uzi mpaka siku moja inakatika na tairi inarudi nyuma. Weka ngumu upande wa mbele na mpira wa kawaida upande wa nyuma. Kwingine kote mimi nimebaki na mpira na mgongo wangu unanishukuru.

Umeme sasa. Wahandisi wa wakati ule waliamua stima yote ya taa kubwa ipite kwenye swichi ya usukani na kwenye boksi ya fyuzi, kwa hiyo ukikuta boksi imeyeyuka upande mmoja usishangae, na usikubali mtu aongeze fyuzi kubwa eti "isiungue tena", itaungua waya badala yake. Weka relei kwa taa, ile swichi ndogo ya sumaku inayobeba stima nzito, swichi ya usukani ibaki kazi yake ni kuamrisha tu. Fundi mzuri wa wayaring anamaliza kwa siku, spea ni zilezile za gari lolote, na taa zinakuwa na mwanga ambao hukuwahi kuuona. Hapo hapo badilisha mipira yote ya petroli, hata inayoonekana mizima, na mtungi wa kuzima moto uwe mahali mkono unafika. Petroli ikidondoka juu ya ekzosi ya moto huna dakika tano.

Harufu ya moshi ndani ya gari ni malalamiko ya kila mwenye 240Z. Watu wanatafuta ekzosi iliyotoboka kumbe moshi unanyonywa kutoka nyuma gari likitembea, unapitia mpira wa mlango wa buti na gasketi za taa za nyuma. Badilisha hiyo mipira, ziba matundu yote ya waya kule nyuma, imeisha.

Haya, injini. Kabureta mbili aina ya SU zinaogopwa bure tu na mafundi wa siku hizi kwa sababu hawawezi kuchomeka kompyuta. Ukiangalia mambo matatu zinatulia: oili kwenye ile mirija ya juu isikauke, shafti za kufungua hewa zisicheze kwenye matundu yake, na zote mbili zivute hewa sawasawa. Kwa zile zenye kifuniko cha juu cha mviringo, nozo, ile ya chini inayopitisha petroli, unaanzia mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa halafu unasikiliza. Nafasi za valvu zinasetiwa injini ikiwa moto, 0.25 mm za kuingiza na 0.30 za kutoa, na hiyo kelele ya tikitiki mtu akikuambia ni ya kawaida mwambie alete fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi.

Na hili sijaona likiandikwa kwingine kwa sababu wenzetu wa Marekani na Uingereza wengi hawaishi juu namna hii. Nairobi iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ukisetiwa kabureta hapa petroli itapunguzwa ili ilingane na hewa. Ukishuka Mombasa na seti hiyohiyo hewa inakuwa nzito, petroli haitoshi, injini inapata moto na inaanza kugonga ukikanyaga mafuta. Watu wanalaumu radieta. Mimi nikifika chini huko Mtito, Voi, natoa plagi moja naangalia, ikiwa nyeupe nazungusha nozo zote mbili chini kidogo, kwa kiasi kilekile, nikirudi Nairobi narudisha.

Pawa ukiitaka kweli, tafuta L28, ile ya lita 2.8 iliyokuja kwenye 280Z. Inakaa kwenye maunti zilezile, gia ileile inafunga, kabureta zilezile zinafunga, na mtu akifungua boneti hajui umefanya nini. Hizo Supra na V8 za Marekani ni nzuri, sina neno, lakini utakata bodi, na ukishakata bodi ya gari ambalo yamebaki ya kuhesabu huku kwetu hakuna kurudi. Sheria yangu ni kwamba chochote ninachofunga kiwe kinafunguka kwa spana.

Spea: ukienda dukani usiseme "nataka ya 240Z", watakwambia hakuna kabla hujamaliza sentensi. Beba kile kitu chenyewe mkononi. Injini za L za silinda nne zilikuwa kwenye Datsun nyingi za kawaida, 160B na pikapu zile za zamani, na vitu vingi vya kichwa cha injini ni familia moja. Mzee wa duka akikishika tu anajua. Mipira ya milango, taa na mapambo utaagiza nje, Japani, Marekani au Australia, na uulize bei ya kusafirisha kwanza kabla hujafurahi.

Injini yako ya asili ukiitoa, hata kama imekufa, usiiuze kwa wa vyuma chakavu wala usimwachie fundi "akae nayo". Nambari yake ndiyo inayolingana na kile kibati cha gari kwenye chumba cha injini, na mnunuzi anayejua ataiulizia. Mimina oili kidogo kwenye kila silinda, rudisha plagi, ziba matundu yote na matambara maana panya wanapenda sana kulala mle, iweke juu ya mbao na si kwenye simiti, na kila ukipita izungushe kwa mkono.