Sakarini kwenye chai ya mgonjwa na kwenye barafu za watoto

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mama yangu ana kisukari, anatumia vidonge vya sakarini kwenye chai. Jirani yetu hapa Mbagala anatia unga wake kwenye barafu za watoto badala ya sukari. Nimeambiwa inatokana na lami ya makaa ya mawe na inaleta saratani. Je, ni halali?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullah. Mama yako anywe chai yake, hana kosa. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Ni kweli sakarini iligunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg akichunguza kemikali za lami hiyo, lakini makaa ya mawe si najisi.

Zito ni suala la madhara, maana Mtume (s.a.w.) amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Mwaka 1969 Marekani ilipiga marufuku saiklameti, utamu mwingine wa kutengenezwa, baada ya panya waliolishwa mchanganyiko wake na sakarini kuota uvimbe kwenye kibofu. Mwaka 1977 ikatuhumiwa sakarini yenyewe: panya walilishwa chakula ambacho asilimia 5 yake ni sakarini, wakapata saratani ya kibofu, na pakiti zikaamriwa kubandikwa onyo. Onyo hilo liliondolewa mwaka 2000, ilipobainika kwamba kwa dozi kubwa namna hiyo mkojo wa panya dume hufanya chembechembe zinazochubua kibofu, jambo lisilotokea kwa binadamu. Wanaoendelea kuwatisha wagonjwa kwa habari ya 1977 wamwogope Mwenyezi Mungu.

Kipimo kilichowekwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa ni miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mama wa kilo 60 ana miligramu 300. Kidonge kikiwa na miligramu 15, hivyo ni vidonge 20. Asome boksi lake. Akinunua ya unga wa pakiti, atazame kama imechanganywa na deksitrosi, kwani hiyo ni sukari.

Kwa jirani, hesabu ni nyingine. Kijiko kimoja cha chai cha sakarini tupu, kama gramu 5, kina utamu wa kilo moja na nusu ya sukari. Akikitia kwenye ndoo ya lita 20, kila mililita 100 ina miligramu 25. Mtoto wa kilo 15 kikomo chake ni 75, yaani vifuko vitatu tu vya ujazo huo. Kuvuka siku moja si sumu, kwani kipimo ni cha kila siku maisha yote. Lakini anayekadiria kwa macho akatia vijiko viwili, kifuko cha pili tu kinamvusha mtoto kikomo. Dalili ya kuzidisha ni uchungu wa chuma unaobaki ulimini.

Tena anaificha. Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, akakuta ndani kumelowa, akasema: "Mwenye kughushi si katika mimi." Jirani apime kwa mizani, amwambie kila mnunuzi, hata mzazi aliyemtuma mtoto. Aliyeuziwa akidhani ni sukari ana haki ya kurudisha na kupewa pesa yake.

Wallahu a'lam.