Jill Tarter alikuwa anafanya nini miaka yote hiyo?

Mkuu, umeuliza Jill Tarter, mwanaastronomia wa Marekani aliyetafuta ishara za viumbe wenye akili nje ya Dunia, alikuwa analipwa kwa kazi gani ikiwa hakunasa hata salamu moja ya viumbe wa mbali. Muda mwingi uliishia kwenye kuchuja kelele zetu wenyewe: satelaiti, rada na kadhalika. Darubini ya redio inaelekezwa kwenye nyota. Ikinasa ishara ya masafa membamba, yaani iliyobanwa kwenye sehemu ndogo sana ya mawimbi ya redio, darubini inageuzwa pembeni. Ishara ikiendelea kusikika, si ya nyota ile. Mwaka 1997 kule Green Bank, Marekani, walinasa moja iliyosisimua timu nzima, kumbe ni SOHO, chombo kinachochunguza Jua!

Halafu kuna kutafuta fedha. Bunge la Marekani lilikata bajeti ya utafutaji huo 1993, Tarter na wenzake wakageukia wafadhili binafsi, na mradi wao wa Phoenix ukachunguza nyota karibu 800 hadi 2004.